Nani yumo chomboni, na amekuja na nini?

Huenda wako wasomaji watakaostaajabu kuona ukurasa huu wa familia, uliozoea kuzungumzia malezi, mirathi na mapatano ya ndoa, leo ukizungumzia tamthiliya ya Kimarekani iliyoanza kuoneshwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Tunaomba subira yao. Televisheni imo sebuleni mwetu na simu zimo mikononi mwa watoto wetu; kilichokwisha kuingia ndani ya nyumba hakifai kuachwa bila kuzungumzwa na wenye nyumba. Tangu likizo ya shule ianze tumekuwa tukiitazama Star Trek pamoja na vijana wa nyumbani, sehemu mbili kila mwisho wa wiki baada ya sala ya Isha, na hakuna miongoni mwetu, mkubwa wala mdogo, aliyepata kuiona kabla. Tunayoyaandika hapa ni machache katika tuliyoyaona, pamoja na swali moja ambalo mzazi yeyote anaweza kuliuliza mbele ya televisheni, iwe ni kwa tamthiliya hii au nyingine.

Kwa wasioijua, Star Trek ilianza kuoneshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 katika kituo cha NBC. Aliyeibuni ni Gene Roddenberry, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita katika Vita Vikuu vya Pili, kisha askari polisi wa Los Angeles, kabla ya kushika kalamu. Kisa chake ni safari za chombo cha anga kiitwacho Enterprise katika karne ya 23. Nahodha ni Kirk. Msaidizi wake ni Spock, ambaye mama yake ni binadamu na baba yake ni wa sayari iitwayo Vulcan, ambako watu huithamini akili na kuzizuia hisia. Tabibu wao ni McCoy, mtu mwenye ulimi mkali na moyo laini. Ilioneshwa kwa misimu mitatu, sehemu 79, kisha mwaka 1969 ikasimamishwa kwa sababu watazamaji walionekana kuwa wachache. Hata hivyo vituo vidogo vya televisheni viliendelea kuirudia, ikapata wapenzi wengi zaidi baada ya kusimamishwa kuliko wakati wa uhai wake, na mwaka 1987 ukaanza mfululizo wa pili wa kuigizwa na watu. Ukafuata wa tatu, wa nne na mingineyo, pamoja na sinema kadhaa, hata leo, takriban miaka 60 baadaye.

Vijana wetu walianza kwa kucheka. Wao wamezoea picha za siku hizi zinazotengenezwa kwa kompyuta. Wakaona miamba inayofanana na maboksi yaliyopakwa rangi, na mbingu ya sayari ngeni iliyo wazi kuwa ni ukuta wa chumba. Kile kifaa mashuhuri kinachowayeyusha watu ndani ya chombo na kuwatokeza ardhini kilibuniwa kwa sababu ya ufukara tu: fedha za kuonesha chombo kizima kikitua kila wiki hazikuwapo. Tuliwaeleza hivyo, wakacheka zaidi. Lakini ilipofika wiki ya tatu kicheko kilikuwa kimekwisha, na simu zilikuwa zimewekwa chini bila ya mtu kuamrishwa.

Kilichowanyamazisha ni visa vyenyewe. Katika sehemu iitwayo The Devil in the Dark, ya mwaka 1967, wachimbaji wa madini katika sayari ya mbali wanauawa mmoja baada ya mwingine na kiumbe cha kutisha kinachopita ndani ya mwamba kama samaki apitavyo majini. Enterprise inaitwa ije kukiua. Wanapokaribia kukimaliza, Spock anagundua kwamba kiumbe yule ni mama. Yale mawe ya duara ambayo wachimbaji walikuwa wakiyakuta kwa maelfu na kuyavunja kama takataka ni mayai yake, na yeye ndiye mlinzi pekee wa kizazi chake chote. Kisa kinaishia kwa suluhu: watoto watakapoanguliwa watatoboa njia mwambani kama ilivyo desturi yao, na wachimbaji watapita nyuma yao wakiokota madini. Katika nchi zetu, ambako habari za migodi na wenyeji wa ardhi hazikauki magazetini, kisa hiki hakihitaji mfasiri. Binti wa miaka kumi na mmoja aliuliza, "Sasa kwa nini hawakumuuliza kwanza?" Wakubwa tuliokuwapo hatukuwa na la kuongeza.

Sehemu nyingine, iliyooneshwa Januari 1969, inasimulia watu wawili wa sayari moja, kila mmoja nusu ya uso wake nyeusi na nusu nyeupe. Mmoja anamfukuza mwenziwe kwa miaka mingi mno na kumwita kiumbe duni. Nahodha Kirk anashindwa kuona tofauti yao, hadi anapoelezwa kwa mshangao na dharau: huyu ni mweusi upande wa kulia, yule ni mweusi upande wa kushoto. Wanaporejea kwao wanakuta watu wote wamekwisha kuangamizana. Badala ya kulia, wawili hao waliosalia wanaendelea kufukuzana juu ya majivu ya nchi yao. Wakati sehemu hiyo inaoneshwa, ilikuwa haijatimia miezi kumi tangu Martin Luther King auawe kule Memphis, na watazamaji wa Marekani walijua vyema wanaambiwa nini.

Jina la King linatufikisha kwa mtu ambaye ndiye sababu ya makala haya. Katika chumba cha uongozi cha Enterprise, nyuma ya nahodha, ameketi mwanamke mweusi, ofisa wa mawasiliano, kifaa kikiwa sikioni. Jina lake ni Uhura. Lilipotajwa mara ya kwanza vijana waligeuka kutazamana, na mmoja akasema, "Hilo ni letu!" Naam, ni letu. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alieleza kwamba siku alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa amebeba kitabu kiitwacho Uhuru, riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 inayohusu Kenya. Neno hilo likampendeza Roddenberry. Ikaonekana kwamba linasikika gumu kwa jina la mwanamke, basi herufi ya mwisho ikalainishwa, Uhuru ikawa Uhura. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapa, kwani katika lugha yetu irabu ya mwisho haimgeuzi mtu kuwa mwanamume wala mwanamke, na uhuru hauna jinsia. Lakini tukumbuke zama zenyewe. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, Kenya mwaka 1963. Neno lililokuwa likipigiwa ngoma viwanjani huku kwetu lilivuka bahari ndani ya mkoba wa mwanamke mmoja, likapata kiti katika chombo cha karne ya 23.

Wala si jina peke yake. Katika sehemu ya kwanza kabisa kuoneshwa, ile ya tarehe 8 Septemba 1966, Kiswahili kinasikika. Kuna kiumbe kinachojigeuza sura ili kimfikie kila mtu kwa umbo litakalompendeza, kisha kimuue kwa kumnyonya chumvi ya mwilini. Kinapomkuta Uhura, kinamtokea kwa umbo la kijana mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Matamshi yake si ya Unguja wala ya Mombasa, na vijana walilazimika kurudisha nyuma ili wayasikie vizuri. Lakini mafunzo yamo, tena mazito: anayekuja na lugha ya mama yako mdomoni si lazima awe ndugu yako. Mwaka uliofuata, katika sehemu iitwayo The Changeling, mtambo mmoja unaifuta kumbukumbu ya Uhura, ikabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Anaposhindwa neno na kukasirika, kinachomtoka ni Kiswahili. Waliobuni tamthiliya ile walitambua kwamba lugha ya mama ndiyo inayobaki chini kabisa, mengine yote yanapofutika. Sisi wenye lugha, ambao baadhi yetu tunawakemea watoto wasiizungumze shuleni, tuna la kutafakari.

Msimu wa kwanza ulipokwisha, Nichols alitaka kuondoka. Alipenda jukwaa la muziki na maigizo, na katika tamthiliya alikuwa akipewa maneno machache ya kusema. Kwa masimulizi yake mwenyewe, katika hafla ya kuchangisha fedha za kutetea haki za watu weusi, aliambiwa kwamba kuna mpenzi wa tamthiliya anayetaka kumsalimu. Alipogeuka alimwona Martin Luther King. Alimweleza nia yake ya kuacha, naye King akamkataza. Alimwambia kwamba kwa mara ya kwanza watu weusi walikuwa wakioneshwa kwenye televisheni kama inavyostahili kuonwa, wenye akili na heshima, na kwamba hicho ndicho kipindi pekee ambacho yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao wadogo kukesha wakikitazama. Nichols alibaki.

Tuwaombe wazazi wakitafakari kisa hicho kidogo. King alikuwa mhubiri, mtu wa safari na mikutano, aliyezungukwa na maadui. Lakini alijua watoto wake wanatazama nini usiku, na alikuwa amechagua pamoja na mama yao. Nyumba yake haikuwa na katazo la jumla, wala haikuwa na ruhusa ya jumla.

Na matunda ya kubaki kwa Nichols yalionekana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilimtumia kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Kundi lililotangazwa mwaka 1978 lilikuwa na watu 35, wakiwamo wanawake sita na Wamarekani weusi watatu. Miongoni mwao walikuwa Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kufika angani, na Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza, wote wawili mwaka 1983. Kisha mwaka 1992 akapaa daktari Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, ambaye alipokuwa mtoto alikuwa akimtazama Uhura. Huko angani alikuwa akianza zamu yake kwa ile kauli ya Uhura ya kutangaza kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliigiza kidogo katika mfululizo wa pili wa Star Trek. Nichols alifariki mwaka 2022.

Hapo ndipo lilipotujia lile swali: nani yumo chomboni, na amekuja na nini? Kwa maana wakati ujao unaooneshwa kwenye televisheni haukushuka kutoka mbinguni. Ulitengenezwa na watu waliofika kazini asubuhi, kila mmoja na alichobeba. Nichols alibeba neno la Kiswahili. Leonard Nimoy, aliyeigiza Spock, naye alibeba lake. Ile salamu ya Vulcan ya kuinua kiganja na kutenga vidole viwili viwili, ambayo watoto wa dunia nzima huigiza, haikuandikwa na mtunzi yeyote. Nimoy alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi mjini Boston. Alipokuwa mdogo aliiona ishara hiyo mikononi mwa makuhani wakibariki watu ndani ya sinagogi, na alipotakiwa abuni salamu ya sayari ngeni akaitoa huko. Vijana wetu waliigiza salamu hiyo kwa wiki nzima kabla hatujawaeleza asili yake. Tuliona ni haki yao wajue: si kila kinachoigwa ni mchezo mtupu.

Na ajabu ya jambo hili ni kwamba salamu iliyotoka nyumba ya ibada imepata umaarufu katika tamthiliya ambayo binadamu wake karibu hawaabudu kabisa. Roddenberry hakuwa mtu wa dini, na aliamini kwamba binadamu wa karne zijazo atakuwa ameiacha dini nyuma kama mtoto anavyoiacha nguo iliyombana. Kwa hiyo katika Enterprise kuna maabara, zahanati na ukumbi wa kulia chakula, lakini wakati wa sala hauingii. Imani imeachiwa zaidi watu wa sayari nyingine, kama wale wa Bajor katika mfululizo wa tatu. Hatuoni sababu ya kuzima televisheni kwa ajili hiyo, wala ya kunyamaza. Tuliwauliza vijana, "Mmeona nini ambacho hakimo?" Wa kwanza alisema hakuna wazee. Wa pili alisema hakuna watoto. Wa tatu, baada ya kufikiri, alisema hakuna mtu anayesali. Tukaona kwamba wanatazama kwa macho mawili, na hilo ndilo tulilolitaka.

Pengo lile, hata hivyo, si tupu kabisa. Katika mfululizo wa tatu, Deep Space Nine, ulioanza Januari 1993, tabibu wa kituo anaitwa Julian Bashir. Aliyemwigiza, Alexander Siddig, alizaliwa Sudan, ni mpwa wa Sadiq al-Mahdi aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, na katika misimu ya mwanzo aliandikwa kwa jina la Siddig El Fadil. Mkuu wa kituo hicho, Benjamin Sisko, ni mwanamume mweusi aliyefiwa na mkewe na anayemlea mwanawe peke yake. Kwa ukurasa huu wa familia, mazungumzo ya baba yule na mwanawe yanashinda mapigano yote ya vyombo vya anga. Na katika sehemu moja ya mfululizo wa nne, Voyager, ya mwaka 1996, anapita kijana mmoja asiyesema neno: ni Abdullah wa Jordan, wakati huo mwana wa mfalme, leo mfalme, aliyeipenda tamthiliya hii hata akaomba kusimama humo kidogo. Na Uhura mwenyewe, katika mfululizo ulioanza mwaka 2022, ametajwa kuwa ni Mkenya. Jina lake la kwanza, Nyota, lilikwisha kutamkwa katika sinema ya mwaka 2009. Nyota Uhura: kila aliyeongezwa baada ya wa kwanza alimkamilisha.

Tena kuna anga lenyewe, lisilo la maigizo. Juni 1985, siku za mwisho za Ramadhani, Sultan bin Salman wa Saudi Arabia alipaa na chombo cha Discovery, akawa Mwislamu wa kwanza kufika huko. Mwaka 2007, pia katika Ramadhani, daktari wa mifupa wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikwenda katika kituo cha kimataifa cha anga. Kituo hicho huizunguka dunia mara 16 hivi kwa siku, yaani jua huchomoza na kuzama mara 16. Atasali saa ngapi, na atakabili wapi? Wanazuoni wa nchi yake walikaa wakatoa mwongozo: nyakati zifuate mahali chombo kilipoondokea, na kibla kiwe kwa kadiri ya uwezo, Kaaba kwanza, ikishindikana basi dunia yenyewe, ikishindikana popote. Mwaka 2023 Sultan AlNeyadi wa Falme za Kiarabu alikaa huko miezi sita, Ramadhani na Idi zikamkuta angani. Yale yasiyokuwapo katika Enterprise ya mwaka 1966 yamekwisha kutokea kweli, kwa sababu kuna vijana waliosoma hesabu, udaktari na uhandisi, wakafika kazini na walichobeba.

Kwa wazazi watakaopenda kuanza, tuna maelekezo machache. Tamthiliya ya mwanzo ina mavazi mafupi ya wanawake na mapenzi mepesi ya nahodha. Mzazi atangulie kutazama, achague, na rimoti iwe kwake. Si lazima kufuata mpangilio, kwani kila sehemu ya ule mfululizo wa kwanza ina mwanzo na mwisho wake. Zile tulizozitaja zinatosha kuanzia. Sehemu moja huchukua dakika 50 hivi. Mbili kwa wiki ni nyingi za kutosha. Wakati wa sala ukiingia, isimamishwe, haitakimbia. Na itakapokwisha msiondoke mara moja. Kaeni robo saa, mkubwa aulize na mdogo ajibu: nani yumo, amekuja na nini, na nani hayumo? Kisha mkubwa aulizwe naye, maana vijana hawa wana maswali.

Binti yetu wa miaka kumi na mmoja ameuliza lake tayari. Anataka kujua mtu akiwa ofisa wa mawasiliano katika chombo cha anga anasomea nini, na kama somo hilo linapatikana hapa nchini au mpaka asafiri. Mjomba wake amepewa kazi ya kumtafutia jibu kabla ya shule kufunguliwa. Wasomaji wenye ujuzi wa mambo hayo wakituandikia, tutawashukuru.